Matangazo yanayojileta: jua kwanza yanatokea wapi

Mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, aliniletea simu yake imeviringishwa kwenye kitambaa kama kitu cha kuambukiza. "Mwanangu, ishike taratibu. Ina virusi kumi na tatu, imesema yenyewe."

Nikavuta chini pazia la arifa. Zilikuwa 41, kila moja na pembetatu nyekundu: simu yako imeshambuliwa, betri imeharibika, safisha sasa, zimebaki dakika 2. Nikashikilia kidole juu ya mojawapo. Likajitokeza jina la Chrome, na pembeni yake anwani ya tovuti yenye herufi zisizotamkika. Nikazima swichi moja, nikazifagia zote, hazikurudi. Kirusi hakikuwepo hata kimoja. Kulikuwa na mjukuu aliyetafuta kaswida za kupakua, akakutana na ukurasa ulioandikwa "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", naye akabonyeza.

Kabla ya kufika kwangu mama alishapita kwa fundi aliyetaka shilingi 25,000 ili aiflashi, yaani afute kila kitu na kuiwekea mfumo upya. Picha za harusi ya binti yake zilikuwa humo humo, hazina nakala popote.

Kila tangazo linalojileta watu huliita "virusi". Lakini hili ni kama homa: malaria inachemsha mwili, taifodi inachemsha mwili, jino bovu nalo linachemsha mwili, na huwezi kuwapa wote dawa moja. Tangazo linaweza kutoka kwenye tovuti, kwenye kivinjari (Chrome, Firefox na wenzake), kwenye programu uliyoweka, kwenye laini yako, kwenye ruta ya nyumbani (kile kifaa kinachogawa Wi-Fi), au kwenye mfumo wenyewe wa simu tangu ilipotoka kiwandani. Kila moja lina tiba yake, na nyingi ya tiba hizo ni bure.

Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, jiulize. Linakuja hata kivinjari kikiwa kimefungwa? Linakuja kwenye tovuti moja tu au kila mahali? Ukizima Wi-Fi na kutumia data ya laini, bado lipo? Simu ya jirani mnayetumia naye Wi-Fi moja inafanya hivyo hivyo? Mteja akinijibu maswali haya manne, mara nyingi huwa nimeshajua pa kugusa kabla sijaiwasha simu yake.

(Majina ya vitufe nayaandika kwa Kiswahili, na simu hazifanani. Usipoliona neno lenyewe, tafuta lenye maana hiyo hiyo.)

Arifa zinamiminika juu ya skrini au pembeni mwa kompyuta

Hii ndiyo kesi ninayoiona kuliko zote, tena ndiyo rahisi kuliko zote. Tangu 2015 Chrome imeziruhusu tovuti kukutumia arifa hata baada ya kuzifunga. Wazo lenyewe halikuwa baya: gazeti likuarifu habari mpya, barua pepe ikuambie umeandikiwa. Matapeli wakaona mlango. Ukibonyeza Ruhusu mara moja tu, tovuti inapata haki ya kukugongea usiku na mchana, na kila ukigusa tangazo lake kuna mtu analipwa.

Mtego wenyewe una sura chache, ukizizoea huwezi kunaswa tena. Ukurasa mweusi wenye duara linalozunguka: "Bonyeza Ruhusu video ianze." Picha ya roboti. "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha una miaka 18." Jaribio la kweli la kuthibitisha kwamba wewe ni mtu linakupa picha za taa za barabarani au kisanduku cha kuweka tiki, na halihitaji ruhusa ya arifa hata siku moja. Ukiona maneno hayo mawili pamoja, roboti na Ruhusu, funga ukurasa.

Kwenye Android tiba ni hii. Arifa ikitokea usiiguse kwa haraka. Ishikilie kidole mpaka ionyeshe imetoka programu gani na tovuti gani, kisha izime hapo hapo. Baadaye ingia Chrome, nukta tatu za juu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Wengi wakiiona mara ya kwanza hushika mdomo: kumi, kumi na tano, na hawakumbuki hata moja. Ziondoe zote usizozijua, na ukitaka amani ya kudumu, zima kabisa swichi ya tovuti kuomba ruhusa ya arifa. Mimi kwenye simu yangu imezimwa miaka yote na sijawahi kukosa kitu.

Kwenye kompyuta zinaibuka kona ya chini kulia, na watu hudhani ni Windows inayosema. Angalia maandishi madogo ndani ya kisanduku: utakuta jina la kivinjari na anwani ya tovuti. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye mstari wa anwani, au edge://settings/content/notifications kama unatumia Edge, ufute majina yaliyoruhusiwa. Firefox inaweka jambo hili kwenye Mipangilio, upande wa Faragha na Usalama, chini ya Ruhusa.

Watu wanakosea hapa: wanafuta historia ya kivinjari kisha wanashangaa arifa zinaendelea. Kufuta historia peke yake hakuondoi ruhusa uliyoitoa. Ni sawa na kufuta nyayo za mgeni huku ufunguo wa nyumba bado anao mfukoni.

Je, arifa yenyewe ina madhara? Maandishi tu, hapana. Hatari iko unakopelekwa ukiigusa: programu ya "kusafisha simu", ukurasa wa kamari, au huduma ya kulipia kwa salio inayokukata kidogo kidogo kila siku. Yule mama alishagusa mbili. Nilimwomba apige kwa huduma kwa wateja wa mtandao wake aulize kama namba yake imeunganishwa na huduma yoyote ya kulipia. Ilikuwepo moja, ya nyota na bahati. Wakaiondoa.

Kuna na vivinjari vinavyokuja na simu ambavyo vyenyewe hutuma udaku wa wasanii na mpira kila saa. Hapo hakuna tovuti ya kufuta. Shikilia arifa, uzime arifa za programu nzima, mambo yaishe.

Tangazo linajaa skrini nzima hata hujafungua chochote

Unafungua simu asubuhi, tangazo. Unachomeka chaji, tangazo. Uko katikati ya kumjibu mtu WhatsApp, mchezo wa kupasua mapovu unaruka usoni. Hiyo si tovuti tena. Kuna programu ndani ya simu inayofanya hivyo, na kazi ni kuikamata ikiwa kazini.

Tangazo likitokea usibonyeze alama ya kulifunga. Bonyeza kitufe cha programu za karibuni, kile cha mraba, au telezesha kidole kutoka chini na ukishikilie katikati. Kadi ya tangazo itaonekana, na juu yake aikoni ya programu iliyolileta. Gusa aikoni hiyo, uchague taarifa za programu, uko mlangoni kwa mwizi. Wakati mwingine kadi haina jina wala aikoni. Hilo nalo ni jibu: programu ya halali haina sababu ya kujificha uso.

Kama hukuikamata, nenda Mipangilio, Programu, uangalie wenye ruhusa ya kuonyesha juu ya programu nyingine. Orodha hiyo inapaswa kuwa fupi. Ukikuta tochi, kisoma msimbo wa QR, kibodi yenye maua, au mbanaji wa betri, muulize kila mmoja wao anahitaji ruhusa hiyo ya nini. Halafu pitia orodha nzima ya programu taratibu, mpaka chini kabisa. Baadhi huficha aikoni yake kwenye skrini ya mwanzo siku chache baada ya kuwekwa, ili usiunganishe chanzo na tatizo, lakini kwenye orodha hii haziwezi kujificha. Nimewahi kukuta moja iliyojipa sura ya gia na jina la Mipangilio. Simu ikawa na Mipangilio miwili.

Ukishindwa kuamua nani ni nani, kuna kipimo ambacho nashangaa mafundi wengi hawakitumii: hali salama. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka yatokee maneno ya kuzima, kisha shikilia kidole juu ya neno Zima lenyewe. Simu nyingi zitauliza kama uiwashe kwa hali salama. Nyingine zinataka ushikilie kitufe cha kupunguza sauti wakati zinawaka. Katika hali hiyo simu huendesha programu zake za kiwandani tu, zote ulizoweka wewe zinalala. Ikae hivyo nusu saa, ichomeke chaji, ifungue na kuifunga.

Matangazo yakikoma, mkosaji ni programu uliyoweka, na unaweza kuifuta humo humo ikiwa usingizini. Anza na zilizowekwa wiki ile tatizo lilipoanza. Yakiendelea hata katika hali salama, usihangaike kufuta programu zako. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Kitufe cha Ondoa kikiwa kimefifia na hakibonyezeki, programu imejipa cheo. Tafuta kwenye mipangilio ya usalama palipoandikwa programu za usimamizi wa kifaa, uivue cheo hicho, kisha rudi ukaiondoe. Angalia pia kwenye ufikivu (Accessibility), sehemu iliyowekwa kwa ajili ya wenye ulemavu. Programu ya matangazo ikipewa ruhusa ya ufikivu inaweza kusoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako, na hapo hatuzungumzii kero tena, tunazungumzia namba ya siri ya pesa.

Zinaingiaje? Njia kuu hapa kwetu ni APK, yaani faili la kuweka programu bila kupitia dukani, la kutumiana kwa Xender au kwenye magrupu. WhatsApp zilizochezewa ndizo namba moja, zile zinazokuonyesha ujumbe uliofutwa. Agosti 2021 kampuni ya antivirus ya Kaspersky ilikuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya FMWhatsapp toleo la 16.80.0, kilikuwa kikionyesha matangazo, kikifungua huduma za kulipia, hata kusoma ujumbe mfupi. Mteja akiniambia "lakini hii ina rangi nzuri", namwachia uamuzi, ila siitengenezi simu hiyo mara ya pili bure.

Play Store ni salama zaidi kwa mbali, ingawa si ukuta wa zege. Mwaka 2019 CamScanner, programu ya kuskani nyaraka iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, ilikutwa na kipande kibaya kilichoingia kupitia msimbo wa matangazo, ikaondolewa dukani mpaka iliposafishwa. Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 kwa sababu ya matangazo ya kuvamia ya aina hii hii. Kwa hiyo ukimaliza kufuta, fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect, mkaguzi wa programu aliye humo humo dukani, iambie ikague. Halafu usipakue "antivirus" tano za kulinda kilichobaki. Nyingi ya hizo ndizo zilizokuleta hapa.

Kisanduku cha kijivu, maneno matupu, Sawa na Ghairi

Hakina picha, hakina rangi, kinakuja hata data ikiwa imezimwa: "Jipatie dakika 30, bonyeza Sawa." Hiyo ni laini yako. Mtandao wa simu unatuma ofa kupitia menyu iliyo kwenye kadi ya laini, na ukibonyeza Sawa kwa bahati mbaya unaweza kuwa umenunua kitu. Tafuta kwenye orodha ya programu ile yenye alama ya kadi ya laini, mara nyingi ndani yake kuna sehemu ya kuzima ujumbe huo. Kama haipo, piga huduma kwa wateja uombe kuondolewa kwenye matangazo. Kuflashi simu hakusaidii chochote hapa. Ukihamisha laini kwenda simu nyingine, ofa nazo zinahama.

Vivyo hivyo, kifurushi kikiisha na kila ukurasa ukaanza kukupeleka kwenye tovuti ya mtandao wako kununua kingine, hujatekwa. Umeishiwa tu.

Tovuti moja tu ndiyo inayokurusha kwingine

Unafungua kuangalia mechi ya bure, ukigusa alama ya kucheza inafunguka kamari, ukirudi na kugusa tena inafunguka nyingine. Tovuti nyingine zote ziko sawa. Simu yako ni nzima. Tovuti ile inaishi kwa kuuza mguso wako wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Chagua: uiache, au uifungue kwa Firefox ukiwa umeweka kizuizi cha matangazo cha uBlock Origin, ambacho Firefox inakikubali hata kwenye simu za Android.

Ila ukiona tovuti ya heshima, ya shule au ya kanisa, inakurusha ukiifungua kutoka matokeo ya Google kwa simu, na ukiandika anwani yake mwenyewe kwenye kompyuta haifanyi hivyo, mtaarifu mwenye tovuti. Imeingiliwa. Walioingia hufanya makusudi ili yeye, anayeifungua moja kwa moja kwenye kompyuta yake, asione kitu.

Kompyuta: unatafuta kitu, unapelekwa pengine

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na laptopu. Akiandika neno kwenye Chrome, ukurasa unapita kwenye anwani mbili ngeni haraka kama umeme, kisha unatua Yahoo. "Nimeshakiondoa hicho kiendelezi mara tatu, kaka. Nikiiwasha kesho yake kimerudi."

Ninavyofuata kesi kama hii ni hivi. Kwanza nafungua dirisha la hali fiche (Incognito) na kutafuta neno lile lile. Viendelezi, yaani programu ndogo zinazobandikwa ndani ya kivinjari, havifanyi kazi humo usipoviruhusu, kwa hiyo kama utafutaji unakwenda sawa, mkosaji ni kiendelezi. Kwa mwalimu ulikwenda sawa. Naandika chrome://extensions na kuzima vyote, kisha nawasha kimoja kimoja. Usikiamini kiendelezi kwa sababu umekaa nacho miaka. The Great Suspender, kilichokuwa kikipunguza mzigo wa kumbukumbu ya kompyuta, kilipendwa na watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 aliyekitengeneza akakikabidhi kwa mmiliki mpya, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo mbaya. Jina ni lile lile na aikoni ni ile ile, lakini nyuma yake yuko mtu mwingine.

Cha mwalimu kilijiita kisomaji cha PDF, na kitufe chake cha kuondoa hakikuwepo. Nikashuka mpaka chini kabisa ya menyu ya nukta tatu, na pale palikuwa na maneno ambayo kwenye laptopu ya mtu binafsi yanapaswa kukushtua: kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Mwalimu hana shirika. Kompyuta za ofisi huwekewa sera ili wafanyakazi wasibadili mipangilio, na programu mbaya hutumia mlango huo huo kukipigilia msumari kiendelezi chao. Ukiandika chrome://policy utaziona sera zenyewe. Ya kwake ililazimisha kiendelezi kile kiwekwe upya kila Chrome inapofunguka.

Tiba iko kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la ndani linalotunza mipangilio yake. Hifadhi nakala yake kwanza, maana ukifuta sipo unaweza kuua kompyuta nzima. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha njia hiyo hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER, ufute folda hiyo ya Chrome, uwashe kompyuta upya. Kama laptopu ni ya mwajiri, ishia hapa na umwone mtu wa mitambo wa ofisini, kwa sababu maneno yale kwenu ni halali. Antivirus fulani nazo huweka sera zao, kwa hiyo soma kabla ya kufuta.

Kiendelezi kilikuwa kimekwenda, lakini sikumrudishia bado. Kilichokipanda kilikuwa bado ndani. Nikaingia kwenye orodha ya programu za Windows nikaipanga kwa tarehe: siku ile tatizo lilipoanza ziliwekwa nne kwa mpigo, ya kwanza ikiwa ni kile kifaa cha kuamshia Office bila leseni. Hapo ndipo laptopu nyingi za mitumba zinapoanzia safari hii. Programu ya wizi inakuja na wenzake, na aliyeweka anabonyeza Endelea, Endelea, Endelea, bila kusoma visanduku vilivyotiwa tiki tayari. Nikaziondoa, nikaendesha AdwCleaner, ambayo ni ya bure na tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Ikaokota kazi moja iliyopangwa kufunguka kila siku saa 9 alasiri, na masalia mengine.

Mambo madogo ninayoyaangalia kabla ya kufunga kazi: bofya kulia aikoni ya kivinjari pale mezani, fungua sifa zake, usome mstari wa lengo. Unatakiwa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta anwani ya tovuti imening'inia baada ya hapo, ndiyo sababu ukurasa wa mwanzo unarudi kila ukiurekebisha. Angalia pia mipangilio ya proksi (kompyuta ya kati ambayo intaneti yako inapitishwa) kwenye Windows, maana wengine huacha imewashwa, na ukiondoa programu yao intaneti inakataa kabisa mpaka uizime. Na kama umeingia kwenye akaunti ya Google, safisha kompyuta zote mbili, ya nyumbani na ya kazini, kabla ya kuruhusu usawazishaji, yaani akaunti kunakili vitu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Kiendelezi ulichokifukuza huku kitarudi kikitokea kule.

Ukurasa unaojaza skrini ukisema kompyuta imefungwa, na sauti ya kike ikipiga kelele upige namba fulani, ni ukurasa wa tovuti tu. Usipige. Shikilia Esc, au bonyeza Alt na F4. Ikigoma, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ukiue kivinjari kutoka kwenye Kidhibiti cha Majukumu. Ukikifungua tena kikauliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kikatalie.

iPhone

Kwenye iPhone arifa za tovuti zinawezekana tangu iOS 16.4 ya Machi 2023, tena kwa tovuti uliyoiongeza mwenyewe kwenye skrini ya mwanzo, kwa hiyo ule mtego wa Ruhusu hauna nguvu. Wanachofanya ni kukuandikisha kwenye kalenda. Unaanza kuona miadi: "iPhone yako haina ulinzi", saa tatu, saa tano, saa saba. Ingia kwenye mipangilio ya Kalenda, Akaunti, utaona kalenda usiyoijua chini ya zilizojiunga. Futa akaunti hiyo na miadi yote inakufa nayo. Kufuta miadi mmoja mmoja ni kupoteza muda.

Nyumba nzima ina tatizo moja

Simu, laptopu na televisheni zote zinarushwa kwenye kurasa zile zile zikiwa kwenye Wi-Fi, na ukitumia data ya laini zote zinapona. Shida iko kwenye ruta. Mtu, au programu, ameingia na kubadili DNS, yaani ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya mahali ilipo. Akiishika hiyo, unaandika jina sahihi na unafika kwake. Si jambo geni: Novemba 2011 FBI ilitangaza kukamatwa kwa raia sita wa Estonia kwa mpango wa DNSChanger, uliokuwa umegeuza DNS za kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 ili kuvuna pesa za matangazo.

Geuza ruta usome kibandiko chake: anwani mara nyingi huwa 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia, andika DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8, zima usimamizi wa kutoka mbali, sasisha programu yake, na ubadili nenosiri la kuingilia. Kama ni admin na admin, hukuingiliwa kwa ujanja. Mlango ulikuwa wazi.

Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Ukiandika humo dns.adguard-dns.com, matangazo mengi ya kwenye vivinjari na michezo yanakufa bila kuweka programu yoyote. Kasoro yake ni kwamba Wi-Fi za hoteli zenye ukurasa wa kuingia zinaweza kukataa, ikabidi uizime kwa muda.

Imefutwa kila kitu, na bado

Sehemu hii ni ya waliofeli kipimo cha hali salama. Kwanza tenganisha biashara na uhalifu. Xiaomi, kwa mfano, inaweka matangazo ndani ya mfumo wake kupitia kitu kinachoitwa msa. Unakikuta kwenye mipangilio ya manenosiri na usalama, kwenye orodha ya idhini, na unakizima, ingawa wakati mwingine kinakataa mara mbili tatu kabla ya kukubali. Simu nyingine za bei nafuu zina duka lao la programu au kivinjari chao kinachopiga kelele. Huwezi kuvifuta, lakini unaweza kuvizima.

Ikiwa baada ya hayo yote, na baada ya kurudisha simu katika hali ya kiwandani, tangazo linaruka kabla hujaweka hata programu moja, basi simu imezaliwa na ugonjwa. Juni 2019 Google ilieleza jinsi Triada ilivyopandwa kwenye simu fulani kabla hazijauzwa, kupitia kampuni ya nje iliyopewa kazi ya kuongeza vipengele kwenye mfumo. Kurudisha hali ya kiwandani kunafuta vitu vyako tu. Sehemu ya mfumo haiguswi, na humo ndimo kirusi kilipojificha. Hapa ndipo pekee ambapo neno kuflashi lina maana, na ni kwa mfumo halisi kutoka kituo cha huduma cha mtengenezaji. Faili lililookotwa mtandaoni linaweza kuja na mgeni mwingine.

Kijana mmoja wa saluni alikuwa na simu ya namna hiyo, jina la kampuni hata mimi sikuwahi kulisikia. Aliyemuuzia alishahama kibanda, na kituo cha huduma hakikuwepo. Nilimwambia asiiwekee laini ya pesa, wala asiingie benki kupitia humo. Aliichomoa laini palepale juu ya meza yangu, akaitia kwenye kitochi chake cha vitufe. Simu ile sasa iko saluni kwake, imechomekwa kwenye spika, haina laini wala Wi-Fi, inapiga taarabu kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu.